Mto Gucha Ni Wetu, Mbona Hauna Njia ya Mguu?

Wahenga walitufunza kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Hata hivyo, mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule nyingi za Kisii na Nyamira aweza kukuchorea ubaoni hatua zote za mto, tangu ujana wake milimani hadi uzee wake nyandani, akakutajia maporomoko ya Zambezi na delta ya Nile, ilhali hajapata kuufuata Mto Gucha hata kwa mwendo wa saa moja. Mto huo anauvuka kila anapokwenda shuleni. Anaujua kwa daraja lake tu.

Kosa hili si lake. Ni letu sisi tuliomzidi umri.

Gucha si kijito cha kudharauliwa. Chimbuko lake limo katika milima ya Kiabonyoru, Nyamira. Kutoka huko unateremka kuelekea kusini-magharibi, unapita Ogembo katika Kaunti ya Kisii, kisha unaingia Migori, ambako jirani zetu Waluo wanauita Kuja. Huko unakutana na Mto Migori, na mwishowe unamwaga maji yake katika Ziwa Victoria, upande wa Nyatike. Nguvu za maji yake zimekuwa zikizalisha umeme katika maporomoko ya Gogo tangu miaka ya 1950. Na kwa kuwa Ziwa Victoria ndilo linaloulisha Mto Nile, tone linaloanguka Kiabonyoru laweza kufika Misri. Mwalimu wa Jiografia anahitaji mfano gani tena?

Upande wa kaskazini uko Mto Sondu, unaozunguka mpaka wa Nyamira na majirani zake, na ambao maji yake yanaendesha mitambo ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60. Katikati ya nchi hii umesimama ukingo wa Manga, ule ukuta wa mawe unaoonekana kutoka mbali. Hapo ndipo lilipo shimo liitwalo Ngoro ya Mwaga, ambalo wazee wana visa vingi juu yake. Anayepanda Manga alfajiri, kabla ukungu haujatawanyika, huona vilima vikijitokeza kimoja baada ya kingine kama visiwa baharini. Na anga ikitakata, macho huteremka hadi nchi tambarare iliyo upande wa Ziwa.

Basi mgeni akishuka kutoka milimani na kutaka kuufuata mto, atakuta nini? Atakuta mahindi yamepandwa hadi majini. Atakuta mikaratusi imejipanga kingoni kama askari, ikinywa maji usiku na mchana. Mahali palipokuwa na kinamasi atakuta tanuri za matofali na mashimo yaliyobaki baada ya udongo kuchimbwa. Njia ya mguu itamfikisha mahali pa kuteka maji na kukomea hapo. Giza likiingia, hana pa kusimamisha hema isipokuwa katika shamba la mtu, kwa hisani ya mwenyewe.

Sababu yake inafahamika. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii ina watu zaidi ya 900 katika kila kilomita ya mraba. Mashamba yamegawanywa baina ya baba na wana, kisha baina ya wana na wajukuu, hata yakawa vipande vyembamba vinavyoteremka kutoka barabarani hadi mtoni. Mwenye kipande kama hicho atatuuliza, tena kwa haki: je, mwanangu alale njaa ili mwana wa mwalimu apate pa kupigia hema?

Swali hilo halifai kupuuzwa, na yeyote anayezungumzia bustani ya kando ya mto bila kulijibu anapoteza wakati wake. Jibu langu lina sehemu tatu.

Kwanza, sheria haijampa mtu yeyote mto. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inaitaja mito miongoni mwa ardhi ya umma. Kanuni za maji za 2007 nazo zilitaja ukanda wa kuhifadhiwa kila upande wa mto, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30. Mita hizo hazikuwekwa kwa ajili ya watalii. Ziliwekwa ili udongo usichukuliwe na mafuriko na maji yasikauke. Mkulima anayelima hadi majini hupoteza kila msimu sehemu ya shamba analodhani anaongeza.

Pili, si lazima tuanze na shamba la maskini. Zipo shule na makanisa ambayo ardhi yao inafika mtoni, na upo msitu wa Nyangweta huko Mugirango Kusini. Tuanze hapo. Tung'oe mikaratusi iliyo kingoni, tupande mianzi na miti ya kienyeji, tuache njia nyembamba ya kupita watu wawili. Mkulima atakayeruhusu njia ipite kwake, naye apate malipo kutoka kwa wageni, na nyasi za ukingo ziwe lishe ya ng'ombe wake.

Tatu, udogo si hoja. Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa, karibu na Kitale, ina ukubwa wa takriban kilomita 3 za mraba tu. Ilitengwa mnamo 1974 kwa ajili ya nzohe, paa wa kinamasini, na wageni huizuru kwa miguu. Msitu wa Karura jijini Nairobi, ambao marehemu Wangari Maathai na wenzake waliutetea dhidi ya wanyakuzi mnamo 1998 na 1999, leo una vijia vinavyowafikisha watembeaji kwenye mto na maporomoko yake. Kama Nairobi, pamoja na uroho wake wa ardhi, imepata pa kutembea, sisi tunashindwaje?

Wako watakaosema kwamba kulala hemani ni mchezo wa Wazungu. La hasha! Kabla ya utawala wa kikoloni, vijana wa Abagusii waliishi katika ebisarate, kambi za ng'ombe zilizokuwa mbali na maboma ya wazazi. Walilala huko, wakalinda mifugo, wakajifunza nchi kwa nyayo zao. Ni Waingereza waliozivunja kambi hizo mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo anayempeleka mwanafunzi kulala kando ya mto haigi ya wageni. Anarudisha kilichokuwa chetu.

Walimu wasingoje serikali. Ziara ya siku mbili yawezekana hata sasa, mradi ipangwe kwa busara. Mwombe ruhusa mwenye shamba na umjulishe chifu. Piga hema mahali palipoinuka, mbali na maji, kwa sababu mvua ya Kiabonyoru yaweza kuufurisha mto mahali ambapo mbingu ni nyeupe. Nyanda hizi zina radi na mvua ya mawe. Usipige hema chini ya mti uliosimama peke yake, wala usitembee kileleni alasiri mawingu yakianza kujikusanya. Chemsha maji ya kunywa. Chimba choo mbali na mto. Zima moto kwa maji hadi jivu lipoe, na kila taka mliyokuja nayo irudi nanyi nyumbani.

Wanafunzi nao wapewe kazi: wapime upana wa mto, wahesabu mikaratusi na miti ya kienyeji, waandike rangi ya maji kabla ya mvua na baada yake. Daftari hilo likiandikwa mwaka baada ya mwaka, litakuwa ushahidi ambao hakuna mwanasiasa atakayeweza kuukana.

Mtu hakitetei asichokijua. Mtoto aliyelala usiku mmoja akisikiliza Gucha ukipita, akaamka na kuona korongo akivua samaki ukungu ukiwa bado juu ya maji, hatanyamaza siku ambayo mto huo utaanza kukauka. Tusipompa usiku huo, atarithi daraja lisilo na maji chini yake.