Risasi Imetoka Ghala Gani?

Walukuba ilijengwa na serikali ya kikoloni kuwa makazi ya wafanyakazi wa Jinja, enzi ambazo viwanda na bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, vilivuta vibarua kutoka kila pembe ya Uganda. Leo jina lake huandikwa pamoja na la jirani yake, Masese, na huko Masese zinaishi familia nyingi zenye asili ya Karamoja, mamia ya kilomita kaskazini-mashariki. Wenzao wako Namatala, mjini Mbale. Hawa ni watu wa ng'ombe, na mfugaji haachi malisho akaja kubanana kwenye vibanda vya mjini bila sababu nzito. Zipo sababu tatu kubwa: ukame, njaa na bunduki.

Ukiifuatilia bunduki hiyo hadi ilikoanzia, utafika kwenye mlango wa ghala la serikali.

Bunduki zilifika Karamoja tangu karne ya 19, zikiletwa na misafara ya pembe za ndovu, ya Waswahili kutoka pwani na ya wafanyabiashara kutoka Ethiopia. Lakini zilikuwa chache. Mambo yaligeuka mwaka 1979. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka, askari wake walikimbia kambi ya Moroto na kuacha ghala la silaha bila mlinzi. Wenyeji waliingia wakajitwalia maelfu ya bunduki na risasi zake. Wizi wa mifugo ulikuwapo tangu zamani, na wazee walikuwa na mamlaka ya kuuruhusu au kuuzuia. Kijana mwenye bunduki ya Kalashnikov hakuhitaji tena baraka za mzee.

Fizikia inaeleza kwa nini silaha hiyo ilibadili kila kitu. Kichwa cha risasi ya Kalashnikov kina uzito wa gramu 8 hivi, na hutoka kwenye mtutu kwa mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Nishati ya kitu kinachokwenda hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Ndiyo maana risasi ya bastola ya milimita 9, yenye uzito unaokaribiana na huo lakini mwendo wa karibu nusu yake, hubeba juli 500 hivi, ilhali ya Kalashnikov hubeba karibu 2,000. Ikiingia mwilini husukuma nyama pembeni kwa ghafla na kufungua uwazi mpana kuliko risasi yenyewe. Misuli huweza kunyumbuka na kurudi, lakini ini halinyumbuki hivyo, hupasuka. Aliyepigwa fimbo au hata mkuki mara nyingi alikuwa na nafasi ya kukimbia au kutibiwa. Kwa bunduki, hasira ya sekunde moja inatosha kuua.

Lakini chuma hakijifyatui. Wanaochunguza chanzo cha mauaji huangalia mambo mawili kwa pamoja: kilio cha mtu, na urahisi wa kuipata silaha wakati kilio hicho kimepanda. Uganda ina mifano ya yote mawili, na mmoja wa mapema ulitokea Jinja kwenyewe.

Tarehe 23 Januari 1964, siku tatu baada ya askari wa Tanganyika kuasi Dar es Salaam, askari wa kambi ya Jinja waliasi nao. Walitaka mishahara zaidi, na Waziri Felix Onama alipokwenda kuzungumza nao walimshikilia. Serikali ya Milton Obote iliita majeshi ya Uingereza, kisha ikakubali kuongeza mishahara. Rais Nyerere wa Tanganyika alilivunja jeshi lake na kuunda jingine. Uganda ilibaki na lake, likiwa limeshajifunza kwamba madai yanayotolewa na mwenye bunduki husikilizwa haraka. Januari 1971 jeshi hilo lilitwaa nchi.

Kilio cha mshahara hakikuisha hapo. Tarehe 2 Mei 2023, Waziri wa Nchi Charles Engola aliuawa nyumbani kwake na mlinzi wake mwenyewe, ambaye baadaye alijiua. Mashuhuda walisema walimsikia akilalamika kuhusu malipo. Siku 10 baadaye, mjini Kampala, konstebo wa polisi alimpiga risasi mkopeshaji fedha ofisini kwake kwa sababu ya deni. Polisi ilieleza kwamba konstebo huyo alikuwa amewahi kutibiwa maradhi ya akili na kupigwa marufuku kubeba silaha. Bunduki aliyotumia ilikuwa ya mwenzake. Wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu, na haki yao ya heshima lazima ilindwe. Kosa lilikuwa kwenye mlango: marufuku ilikuwapo kwenye karatasi, lakini bunduki ilikuwa mahali mkono wake ulipoweza kufika.

Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inamtaka raia awe na cheti kabla ya kumiliki bunduki. Ni sharti jema, ila halimgusi aliyekabidhiwa silaha kazini, wala aliyeichukua kwa mwenzake.

Je, kuweka umbali kati ya mtu na silaha kunasaidia? Jibu zuri limetoka Colombia. Katika miaka ya 1990, miji ya Cali na Bogotá ilipiga marufuku kubeba bunduki katika siku maalumu, hasa mwisho wa wiki unaofuata siku ya mishahara, na sikukuu. Mwenye kibali hakunyang'anywa silaha yake moja kwa moja. Ilitakiwa tu isitoke nyumbani siku ambazo pombe na fedha vinakutana. Watafiti walipolinganisha siku za marufuku na siku nyingine, waliona mauaji yamepungua kwa asilimia 14 Cali na 13 Bogotá. Katazo dogo, lenye saa na siku zake, liliokoa maisha.

Somo la pili lina mizizi Uganda. Daktari Mmarekani Gary Slutkin alifanya kazi na Shirika la Afya Duniani dhidi ya UKIMWI, Uganda ikiwa miongoni mwa nchi alizohudumia. Aliporudi Chicago aliona mauaji ya risasi yakisambaa kama maambukizi: yanazaliana mahali pamoja, na aliyeshuhudia au kupoteza ndugu huwa hatarini zaidi kuua au kuuawa. Akatumia mbinu za afya ya jamii. Watu wanaoaminiwa mtaani walitumwa kutuliza visasi kabla havijalipizwa, kama Uganda ilivyowatumia watu wa jamii yenyewe kubadili mienendo ya wenzao.

Karamoja nayo inafundisha kwa uchungu: asiyelindwa huirudia bunduki. Desemba 2001 serikali ilianza kukusanya silaha kwa hiari, na maelfu ya bunduki zilirudishwa. Mwaka 2002 askari wengi waliokuwa walinde waliosalimisha waliondolewa kwenda kupigana na waasi wa LRA. Waliobaki mikono mitupu walivamiwa na majirani wenye silaha, na wengi wakatafuta bunduki upya. Ukusanyaji wa nguvu ulioanza 2006 ulileta malalamiko mazito ya mateso. Utulivu ulikuja, ukavunjika, na Julai 2021 ikaanzishwa operesheni nyingine, safari hii kwa jina la Kiswahili: Usalama kwa Wote. Jina hilo ndilo kipimo chake. Usalama ukiwa wa baadhi, wengine watajinunulia wao wenyewe.

Kuna kazi ambayo sayansi inaweza kuifanya tangu leo. Okota ganda la risasi lililokwisha kufyatuliwa, litazame kitako chake kwa hadubini. Katikati pana kishimo kilichoachwa na pini iliyogonga fataki. Pembeni pana mikwaruzo ya chuma kilicholishika na kulitupa nje. Kichwa cha risasi nacho hubeba alama za mifereo ya mtutu, ambayo kwa Kalashnikov ni minne. Alama hizo hutofautiana kati ya bunduki moja na nyingine. Baada ya kuuawa kwa mbunge Ibrahim Abiriga, Juni 2018, Rais Museveni aliliambia Bunge kwamba bunduki zote zitachukuliwa alama za namna hiyo. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Uganda iliisaini, nayo inataka silaha za serikali ziwekewe alama na kumbukumbu. Kazi hiyo ina maana pale tu jibu la maabara linapoweza kutaja ghala, na ghala likataja jina la aliyekabidhiwa.

Basi udhibiti wa bunduki Uganda uanzie kwa mwenye bunduki nyingi zaidi, yaani dola na kampuni za ulinzi. Askari alipwe kwa wakati. Afya yake ya akili iangaliwe bila kumwaibisha. Silaha irudi ghalani zamu ikiisha, na anayeipokea asaini. Wafugaji walindwe kabla ya kuambiwa wasalimishe. Nawe msomaji, kila mara mtu akiuawa kwa risasi, usiishie kuuliza ni nani aliyefyatua. Muulize diwani wako, mbunge wako na kamanda wako wa polisi: bunduki hiyo ilitoka ghala gani, na nani alisaini ikatoka?