Milima ya Appalachia kwa Miguu (2): Njaa na Watu wa Kando ya Barabara

Wiki iliyopita tuliona jinsi Benton MacKaye alivyotoa wazo la njia ya miguu ya Appalachia, Marekani, mwaka 1921, na jinsi ilivyokamilika mwaka 1937 kwa jasho kubwa la watu wa kujitolea. Leo tumfuate msafiri mwenyewe. Anaanzia Springer Mountain, jimbo la Georgia, mwezi Machi au Aprili, akikusudia kufika mlima Katahdin kule Maine kabla ya katikati ya Oktoba, theluji isije ikamtangulia. Kati ya vilele hivyo viwili pana majimbo 14 na takriban kilomita 3,500. Katika kila wanne wanaoanza, anayefika ni mmoja hivi.

Msomaji aliyezoea habari za Kilimanjaro asahau wapagazi na wapishi. Huku kila mtu ni mpagazi wa nafsi yake. Asubuhi huteremsha mfuko wa chakula, uliolala umetundikwa juu ili dubu weusi wasiufikie, huchemsha maji ya uji wa shayiri kwenye jiko la gesi la kukunja, hukunja hema likiwa bado na umande, kisha hushika njia. Hapotei kirahisi. Miti imepakwa alama nyeupe za rangi, upana sentimita 5 na urefu 15, na alama za buluu humchepusha kwenda kwenye maji au kibanda. Vibanda vyenyewe, ambavyo vimepita 250, vingi vina kuta tatu tu, upande wa nne uko wazi, na panya wake hawamwogopi mtu. Humo mna daftari ambamo wapitaji huandika habari za chemchemi iliyokauka au dubu aliyeonekana, na chini yake hutia lakabu. Jina la kwenye kitambulisho halina kazi huku. Unaweza kutembea na mtu mwezi mzima usilijue. Kabla ya kulala, kila mmoja hujikagua kwapa na nyuma ya magoti kutafuta kupe, maana kupe wa huko huambukiza ugonjwa wa Lyme.

Lakini jambo linalotawala maisha ya njiani ni njaa. Anayepanda na kushuka kilomita 20 au 30 kwa siku hutumia nguvu nyingi kuliko zinazopatikana katika chakula anachoweza kubeba. Chakula cha siku moja kina uzito wa karibu kilo moja, basi akibeba cha siku tano, mgongo unalia. Akipunguza, tumbo linalia. Hula siagi ya karanga kwa kijiko, tambi za kuchemsha dakika chache, chokoleti, na bado hukonda. Ndiyo maana kila baada ya siku chache hana budi kuteremka mjini, kununua chakula au kuchukua posta kifurushi alichotumiwa na jamaa zake. Mji huo huenda uko kilomita kumi kutoka njia inapokatiza barabara, na basi hakuna. Anasimama kando ya lami, ananuka jasho la wiki nzima, anaomba lifti.

Hapo ndipo huingia watu wanaoitwa malaika wa njia. Mimi sikubaliani na wanaousimulia wema wao kana kwamba huanguka kutoka mbinguni. Wema huu una ramani na una majira: hukaa pale njia inapokutana na barabara, nao huwa mwingi zaidi wimbi la wasafiri linapopita. Mstaafu mmoja atafungua buti ya gari, atapanga viti vya kukunja, atawasha jiko la mkaa na kuchoma soseji. Msafiri atamaliza ndizi ya pili kabla hajavua begi mgongoni. Wengi wa wafadhili hawa waliwahi kuitembea njia hii wenyewe. Wanalipa deni, ila hawamlipi aliyewakopesha.

Na si kila mlango hufunguka. Emma Gatewood wa Ohio, mama wa watoto 11, aliitembea njia yote peke yake mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 67. Alivaa raba, akabeba mfuko wa jinzi alioushona mwenyewe na pazia la bafuni la kujikinga mvua. Hema hakuwa nalo. Jioni alibisha hodi kwa watu: wengine walimpa chakula na kitanda, wengine walimfukuza, akalala juu ya majani.

Upo pia wema unaoharibu. Mtu huacha kasha la soda na biskuti msituni, akaenda zake. Takataka husambaa, na dubu hujifunza kwamba harufu ya binadamu ni harufu ya chakula; dubu wa namna hiyo mara nyingi mwisho wake ni kupigwa risasi. Shirika linaloitunza njia hii huwasihi wafadhili wakae na vyakula vyao mpaka mwisho, kisha waondoke na uchafu wote.

Mfano wa wema uliopangwa vizuri ninaoupenda zaidi uko kwenye mto Kennebec, Maine. Bwawa la umeme lililo juu yake hufungulia maji, na mto hujaa ghafla. Baada ya msafiri kuzama mwaka 1985, ukawekwa mtumbwi wa kuvusha watu bila malipo katika msimu. Sakafuni mwa mtumbwi imepakwa alama ile ile nyeupe, kwa hiyo anayevushwa kwa kasia ya mwingine huhesabiwa kuwa bado yuko njiani.

Wiki ijayo tutaingia Pennsylvania, kwenye mawe yanayomaliza viatu.