Picha zimekwenda, maneno yamebaki

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliisikia tangu utotoni kwa wenye maduka, nami nikidhani ni ya hesabu za mchele na sukari tu. Kumbe yaingia hata katika hadithi za picha za watoto.

Mwaka 2010 Ramadhani iliangukia Agosti. Dada yangu, anayekaa Uingereza na mumewe, aliniletea mwanawe wa miaka kumi na miwili aje afunge nasi hapa Mombasa. Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, nilimkuta kibarazani ameinamia kitu cheusi alichokishika kwa mikono miwili. Nilikitambua: ile mashine ndogo ya michezo iitwayo PSP, ya kampuni ya Sony ya Japani.

"Mwanangu," nikamwambia, "Ramadhani hii, michezo tu?"

"Sichezi, mjomba," akanijibu kwa Kiswahili cha kutafuta-tafuta. "Nasoma."

Nikakaa nitazame. Naam, alikuwa akisoma. Mashine ile ilitoka Japani mwishoni mwa 2004, ikafika Ulaya 2005, na kazi yake ilikuwa michezo. Lakini Desemba 2009 Sony walifungua duka la hadithi za picha kwa ajili yake. Hadithi za Marvel, Disney na wengineo zilinunuliwa kwa intaneti, zikawekwa katika kadi ndogo kiasi cha stempu ya barua. Sisi tuliokua tukiazimana magazeti ya picha mpaka yakachanika, jambo hilo lilikuwa geni.

Nikajiuliza: ukurasa wa hadithi za Kimarekani una kimo cha sentimita 26 hivi, na kioo hiki, kutoka pembe hata pembe, ni kama 11 tu. Utaenea vipi? Jawabu ni kwamba hauenei. Ukiutazama wote, maandishi huwa kama sisimizi. Basi mafundi walibuni njia ya kuonyesha picha moja baada ya nyingine: wabonyeza kitufe, kioo chasogea kwenye picha inayofuata na kuikuza.

Njia hii ina utamu wake, kwani adui aliyejificha mwisho wa ukurasa humwoni mpaka zamu yake ifike. Lakini ina hasara pia. Mchoraji aliupanga ukurasa mzima pamoja, picha kubwa ikizungukwa na ndogo, mfano wa mlango wa nakshi. Nawe waonyeshwa ua moja moja, mlango wenyewe huuoni.

Nilimwambia kwamba Wajapani wenyewe hadithi zao huzisoma kutoka kulia kwenda kushoto. Akaruka kwa furaha: "Kama chuoni!"

Hapo nikapata hila. Tukaagana kwamba kila jioni kabla ya futari atasoma picha kwa Kiingereza, kisha anieleze kwa Kiswahili. Neno asilolijua nitampa. Nikamnunulia daftari la shule, aandike kila wanalosema watu wa picha. Siku moja shujaa alimtisha mwizi, naye akaandika: "Nitakupiga sana." Nikamwambia, mtu wa pwani hatishi hivyo. Andika: "Leo utanijua mimi ni nani!" Tulicheka mpaka bibi yake akatukemea kutoka jikoni.

Ilipofika Idi daftari lilikuwa karibu kujaa. Alipokwenda kumpa bibi yake mkono wa Idi, alizungumza naye kitako kizima, na maneno hakuyatafuta tena.

Mwaka 2013 alinipigia simu, sauti imemwanguka. Kadi aliisahau mfukoni mwa suruali, ikafuliwa pamoja na nguo. Hadithi zote zimekwenda.

"Si ulizilipia?" nikamwuliza. "Zichukue tena dukani."

"Duka limefungwa, mjomba."

Na kweli. Mwishoni mwa 2012 duka lile liliacha kuuza, na mwanzoni mwa 2013 hata waliokwisha kununua hawakuweza tena kuzichukua upya. Aliyekuwa nazo kwenye kadi yake alibaki nazo. Aliyezipoteza, basi.

Ndugu msomaji, siilaumu mashine. Lau si hiyo, kijana yule asingekaa nami jioni hata moja. Kosa la kadi ni letu wenyewe. Lakini hapo ndipo nilipofahamu tofauti. Gazeti la karatasi, muuzaji akifunga duka lake, wewe bado unalo chini ya mto. Hadithi iliyo katika mashine yategemea mlango wa mtu mwingine. Anayeinunua na ajue kwamba amenunua ruhusa ya kuingia, na mwenye mlango ana ufunguo wake.

Mwaka jana mpwa wangu alikuja, sasa ni mtu mzima. PSP anayo bado, na michezo yake yacheza. Nikalitoa lile daftari kabatini. Akasoma kwa sauti: "Leo utanijua mimi ni nani!" Tukatazamana. Nani alimwambia nani? Sote wawili tumesahau, na picha ya kutukumbusha haipo.

Akaniomba alichukue daftari lake. Nikampa jipya na kalamu, nikamwambia akae kibarazani anakili. Lile la asili halitoki nyumbani.