Tetemeko likipiga: Weka nguo chini, tuma pesa, kisha uliza maswali

Kama unafuatilia Ligi Kuu ya Uingereza, jina la Christian Atsu si geni kwako. Mghana huyo aliwahi kusajiliwa na Chelsea, akaja kuvuma akiwa Newcastle. Jumapili, Februari 5, 2023, akiichezea Hatayspor ya Uturuki, alifunga bao la ushindi dakika za lala salama. Saa chache baadaye, saa kumi na dakika 17 alfajiri ya Jumatatu, tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilitikisa kusini mwa Uturuki na kaskazini mwa Syria. Jumba alimokuwa akiishi mjini Antakya liliporomoka. Mwili wake ulipatikana Februari 18. Alikuwa na miaka 31.

Siku hiyo hiyo ya Jumatatu, saa tisa baada ya lile la kwanza, lilikuja tetemeko la pili la ukubwa wa 7.5. Uturuki pekee ilizika zaidi ya watu 50,000. Syria ilizika maelfu.

Wiki ile simu yako bila shaka ilijaa video za watu wakichimba vifusi kwa mikono. Na pengine ulijiuliza swali ambalo vijana wengi hujiuliza: mimi nina mia mbili tu kwa simu, nitasaidia aje? Halafu ikaja sauti ya pili, ile ya Mkenya aliyeona mengi: "Si hiyo doo italiwa tu?"

Leo tuongee na hiyo sauti ya pili. Sikuambii uinyamazishe. Nchi hii imetufundisha kushuku, na ni somo zuri. Lakini wengi wetu tunaitumia shaka kama kisingizio cha kuweka simu mfukoni na kuendelea na maisha. Mimi nasema itumie kuulizia maswali, halafu utoe. Matetemeko hayajaisha: Morocco ilipigwa Septemba 2023, Myanmar Machi 2025, Afghanistan Agosti 2025. Lingine litakuja, na ni vizuri ujue la kufanya kabla halijafika.

Nguo zako ziache kabatini

Jambo la kwanza ambalo watu hufikiria ni kukusanya vitu. Nguo, viatu, blanketi, dawa. Roho nzuri kabisa, lakini hebu tuangalie Armenia.

Desemba 7, 1988, tetemeko liliua watu wapatao 25,000 nchini humo, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Dunia ilituma tani 5,000 za dawa na vifaa vya matibabu. Ilichukua watu 50 miezi sita kujua tu ni nini kilichokuwa kimeletwa. Asilimia 8 ya dawa zilifika zikiwa zimepitwa na wakati. Asilimia 4 ziliharibiwa na baridi kali. Kati ya zilizobaki, ni asilimia 30 pekee zilizotambulika kwa urahisi, kwa sababu nyingi ziliandikwa jina la kibiashara tu, tena kwa lugha ambazo madaktari wa pale hawakuzijua.

Fikiria hao watu 50. Badala ya kuhudumia majeruhi, wanafungua maboksi.

Sisi hatuhitaji kufundishwa hili na mtu wa nje. Nenda Gikomba siku ya kufungua marobota uone ilivyo kazi kutenganisha nguo ya maana na takataka. Sasa iweke kazi hiyo katika mji usio na stima, barabara imepasuka, na theluji inaanguka. Pesa haihitaji kupangwa wala kukodiwa ghala. Inanunua hema Gaziantep na mkate Aleppo, na mwenye duka wa hapo, ambaye naye ameathirika, anapata mteja. Mashirika mengi siku hizi hata huwapa waathiriwa kadi zenye pesa, mama aamue mwenyewe kama shida yake ni maziwa ya mtoto au kodi ya nyumba.

Nani alikuwa pale kabla?

Hapa ndipo watu wengi hawafikirii. Pesa unayotuma leo haimfukui mtu aliyefunikwa na vifusi leo. Wengi wanaookolewa wakiwa hai hutolewa siku tatu za kwanza, na wanaowatoa ni majirani na vikosi vya hapo hapo. Kilichowafukua watu ni pesa iliyotolewa mwaka uliotangulia, ikanunua mashine, ikalipa mafunzo, ikajaza ghala.

Tazama kaskazini magharibi mwa Syria, eneo lililokuwa mikononi mwa waasi. Misaada ya Umoja wa Mataifa kutoka Uturuki iliruhusiwa kupitia mpaka mmoja tu, Bab al-Hawa, na barabara za kuufikia ziliharibiwa na tetemeko. Msafara wa kwanza wa umoja huo ulivuka Februari 9, siku ya nne, ukiwa na malori sita ambayo shehena yake ilikuwa imepangwa kabla ya tetemeko. Februari 12, Martin Griffiths, aliyekuwa mkuu wa misaada ya dharura wa umoja huo, alikiri hadharani kwamba walikuwa wamewaangusha watu wa eneo hilo. Mipaka mingine miwili ilikubaliwa kufunguliwa siku iliyofuata.

Siku hizo zote nani alikuwa anachimba? Raia wenyewe, pamoja na White Helmets, kikosi cha Wasyria wa kujitolea ambacho kilikuwa kimezoea kutoa watu kwenye majengo yaliyobomolewa na mabomu. Kwa hesabu yao, walitoa karibu watu 3,000 wakiwa hai.

Kwa hivyo swali lako la kwanza kwa shirika lolote ni hili: mlikuwa hapo kabla ya tetemeko? Kama jibu ni ndiyo, wana madereva, wanajua lugha, wanajua barabara ipi inapitika. Kama shirika lilizaliwa juzi kwenye TikTok, endelea kusoma.

Vidole sita

Siku chache baada ya tetemeko hilo, picha moja ilisambaa mitandaoni: mzimamoto amemkumbatia mtoto katikati ya vifusi. Inaliza, na chini yake kuna anwani ya kutuma pesa za kidijitali. Ukiitazama vizuri, mkono wa kulia wa mzimamoto una vidole sita. Picha ilitengenezwa na akili unde, na aliyeitengeneza wala hakuwa tapeli. Matapeli waliiokota wakaibandika kwenye anwani zao.

Akili unde imeboreka tangu wakati huo, usitegemee kuhesabu vidole. Tegemea tabia. Tapeli anataka ulipe sasa hivi, kwa njia isiyorudisha pesa, kwa jina linalofanana na la shirika kubwa. Usibonyeze kiungo ulichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama aliyekituma ni shangazi yako. Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya shirika. Ikiwa ni Paybill, thibitisha nambari hiyo kwenye tovuti au kurasa rasmi, na usome jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo.

Majina makubwa nayo huulizwa

Usidhani ukikwepa matapeli umemaliza. Chukua Haiti. Januari 12, 2010, tetemeko la 7.0 liliharibu jiji la Port-au-Prince. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 100,000 hadi zaidi ya 300,000. Wamarekani walituma ujumbe mfupi wa simu wa dola 10 kila mmoja, mpaka dola zaidi ya milioni 30 zikapatikana kwa njia hiyo tu. Kwa jumla Msalaba Mwekundu wa Marekani ulipata karibu dola nusu bilioni. Mwaka 2015, wanahabari wa ProPublica na NPR waliripoti kwamba shirika hilo lilikuwa limejenga nyumba sita za kudumu. Shirika lilijitetea kwamba lilisaidia maelfu kwa njia nyingine, kama kukarabati nyumba na kulipia kodi. Hata ukikubali utetezi huo, noma ni kwamba ilichukua miaka mitano na wanahabari wakali ili mchangiaji apate picha.

Uturuki nayo ilikuwa na yake. Wiki chache baada ya tetemeko, watu wakiwa bado wanalala nje kwenye baridi, ilibainika kwamba Hilali Nyekundu ya Uturuki, kupitia kampuni yake, iliuzia shirika lingine la misaada mahema 2,050 kwa lira milioni 46. Mnunuzi alikuwa Ahbap, shirika lililoanzishwa na mwanamuziki Haluk Levent. Hilali Nyekundu ilisema iliuza kwa bei ya kutengenezea. Wananchi waliuliza: mahema yaliyotengenezwa kwa ajili ya dharura yanauzwaje wakati wa dharura? Mwenyekiti wa shirika hilo alijiuzulu Mei mwaka huo.

Sasa kuna mtu atasoma hapo aseme, "Nilijua, wote ni wezi." Tulia. Kuna upande mwingine. Desemba 26, 2004, tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra lilileta tsunami iliyofika hadi kwetu: iliua mtu mmoja pwani ya Kenya, wengine Tanzania, na karibu watu 300 Somalia. Michango ilifurika duniani. Baada ya siku chache tu, Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walitangaza kwamba pesa walizopata kwa ajili ya tsunami zimetosha kazi waliyoweza kufanya. Wakaacha kuomba, wakawauliza waliotoa kama zilizozidi zinaweza kwenda kwa dharura nyingine. Nani huwa anakataa pesa? Shirika la namna hiyo ndilo la kutafuta.

Jifanye mwanakamati wa matanga

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, uhasibu sikusomea. Lakini nimekaa kwenye kamati za matanga za kutosha, na wewe pia. Tunajua mweka hazina ni nani, majina yanasomwa kila jioni, jeneza bei gani, gari bei gani, na kilichobaki kinaenda kwa mjane. Ulizia shirika la kimataifa vivyo hivyo:

Ripoti ya hesabu ya mwaka jana iko wapi, na ilikaguliwa na nani? Ikiwa haiko kwenye tovuti yao, achana nao.

Pesa hii ni ya tetemeko hili tu, ama mnaweza kuihamisha? Jibu lolote linaweza kuwa zuri, mradi limeandikwa wazi.

Mnafanya kazi na nani wa pale? Wanaotaja washirika wa mashinani wana watu wa kuulizwa.

Mnatumia kiasi gani kwa usimamizi? Usishtuke ukiona si sifuri. Dereva wa lori analipwa, na hata mhasibu anayezuia wizi analipwa. Anayekuambia kila shilingi inafika kwa mwathiriwa hajakueleza petroli ililipwa na nani.

Ukiridhika, kuna njia. Unaweza kutoa kwa shirika moja unaloliamini: MSF, UNICEF, Islamic Relief, ama Msalaba Mwekundu. Unaweza pia kutoa kwa mfuko unaogawia wengi, kama ule wa DREF wa Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Ulianzishwa 1985, na huweka pesa tayari ili tawi la nchi iliyopigwa lianze kazi bila kusubiri kamera na harambee.

Tovuti nyingi za nje zinataka kadi. Kama huna ya benki, kadi ya M-Pesa GlobalPay iliyozinduliwa 2022 hutumika kulipia mtandaoni. Ila mia mbili peke yake inaweza kuwa chini ya kiwango wanachopokea, na ubadilishaji wa sarafu hula kiasi. Kwa hivyo wekeni pamoja. Watu kumi wa kundi lenu wakitoa mia mbili kila mmoja, hiyo ni elfu mbili inayolipwa mara moja, na risiti inawekwa kundini kila mtu aione.

Rudi baada ya miezi sita

Tarehe ya maana kwa mchangiaji huja kitambo baada ya tetemeko. Februari 2023 Umoja wa Mataifa uliomba dola bilioni 1 kwa Uturuki na milioni 397 kwa Syria, za miezi mitatu tu. Miezi mitatu ikiisha, aliyekatwa mguu bado anahitaji mguu wa bandia, darasa bado ni hema, na wewe simu yako imehamia habari nyingine. Gawa basi mchango wako: mia leo, mia baada ya miezi sita. Siku unapotoa ile ya pili, soma wamefanyia nini ya kwanza. Wakishindwa kueleza, peleka kwingine na uwaambie kwa nini.

Na usione haya ni mambo ya mbali. Januari 6, 1928, tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga Subukia, hapa hapa kwenye Bonde la Ufa. Enzi hizo hakukuwa na maghorofa ya kuangukia watu. Leo kuna Nakuru nzima. Mfuko ule ule wa dharura unaouchangia kwa ajili ya Mturuki na Msyria ndio utakaofunguliwa siku ikiwa zamu yetu, kwa hivyo afadhali tuujue mapema, na tuwe tumeshaukagua.