Mzazi Mkali na Haki ya Mtoto

Mwaka 1975 Rais Gerald Ford wa Marekani alitia saini sheria inayozitaka shule za umma kumpa kila mtoto mwenye ulemavu elimu inayomfaa, bila malipo. Sheria hiyo ilimpa mzazi nafasi mezani: ni mmoja wa wanaoandaa mpango wa elimu wa mwanawe, na shule ikikataa ombi lake juu ya tathmini au huduma, lazima imweleze sababu kwa maandishi. Mwaka 2007, katika kesi ya Winkelman, Mahakama ya Juu ilithibitisha kuwa mzazi ana haki zake mwenyewe chini ya sheria hiyo.

Hakuna mahali iliposemwa kwamba haki hizo ni za wazazi wapole tu.

Wazazi wengi wanaofika kwenye kikao cha mpango huo wakifoka wamekwisha kuzungushwa miaka, na hasira yao ina chanzo. Lakini mwalimu naye ni binadamu, na hakuajiriwa ili atukanwe. Katika jimbo la Washington, baba mmoja mwenye mabinti wawili aliwaandikia watumishi wa shule baruapepe mfululizo, akawashutumu, na walipokutana ana kwa ana akawatisha. Wilaya ya shule ikaamua kwamba mambo ya elimu ya watoto wake yajadiliwe katika kikao na wakuu kila baada ya wiki mbili. Baruapepe zake hazingejibiwa. Alishtaki akidai amenyimwa uhuru wa kusema. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa ilimkatalia: bado alikuwa na njia ya kusikilizwa.

Mahakama hiyohiyo, mwaka 2013, iliibana idara ya elimu ya Hawaii. Baba mmoja aliugua, akaomba kikao cha kupitia mpango wa elimu wa mwanawe kisogezwe. Shule ikaogopa kupitwa na tarehe ya mwisho, ikakaa bila yeye. Majaji walisema ushiriki wa mzazi una uzito kuliko tarehe hiyo.

Kesi hizi mbili zisomwe pamoja. Shule inaweza kupanga mzazi aseme na nani, lini na kwa njia gani. Akitishia watu, inaweza kumzuia asikanyage shuleni na kumshirikisha kikaoni kwa simu au video, maana sheria inaruhusu pande zote zikikubaliana. Kumwondoa kwenye uamuzi haiwezi, kwa sababu anayeumia ni mtoto ambaye hakumkosea mtu.

Hatari kubwa naiona kwenye baruapepe ndefu ya saa sita usiku. Katikati ya matusi kuna sentensi moja: mzazi haafiki tathmini ya shule, anataka mtaalamu wa nje kwa gharama ya umma. Hilo ni ombi kamili. Wilaya lazima, bila kuchelewa, ama ilipie ama ipeleke shauri mbele ya ofisa msikilizaji wa mashauri ili itetee tathmini yake. Kwa hiyo barua za mzazi huyo zipokewe na ofisa mmoja mwenye mamlaka ya kujibu, azisome hadi mwisho, alitoe ombi lililomo na kulijibu kwa maandishi. Mwalimu wa darasani hana haja ya kuyaona yaliyobaki.