'Google ni bure': Jibu linalofukuza wanaoanza teknolojia

Saa tano usiku, Kebirigo, kaunti ya Nyamira. Mse amefunga duka, amewasha laptopu aliyonunua mtumba, na leo ameamua ataanza kujifunza Python. Amepakua, amesakinisha, ameandika amri ya kwanza kama alivyoona kwenye video. Kompyuta inamwambia haijui Python ni kitu gani. Anapiga picha ya skrini, anaituma kwenye grupu la WhatsApp la watu zaidi ya mia mbili: "Wadau, hii ni nini?"

Jibu la kwanza ni emoji ya kicheko. La pili: "Google ni bure." La tatu: "Kwani siku hizi watu hawasomi kabla ya kuuliza?" Halafu stori inahamia mechi ya Arsenal.

Huyo mse nimemtunga. Lakini kama umewahi kukaa kwenye grupu la aina hiyo, unamjua. Pengine ulimcheka.

Cha kuudhi ni kwamba jibu lake ni fupi mno. Unaposakinisha Python kwenye Windows kwa kile kisakinishi kilichozoeleka, kuna kijisanduku kidogo chini ya dirisha la kwanza. Usipokiweka tiki, kompyuta haitajua itafute Python wapi. Unarudia kusakinisha, unaweka tiki, unafunga lile dirisha jeusi na kulifungua upya, mambo yanaenda. Kuandika hayo kunachukua muda uleule wa kuandika kejeli.

Bure kwa nani?

Hebu tuongee ukweli kuhusu hii "Google ni bure". Kwanza, si bure. Mtu mwenye bando la mbao anahesabu kila video anayofungua. Akifungua tatu zisizomhusu, bando limeisha na usiku umeisha.

Pili, na hili ndilo wengi hatulioni, kutafuta kitu kunahitaji ulijue jina lake. Aliyezoea akiona kosa kama lile anajua tatizo linaitwaje, anaandika maneno mawili na kupata jibu. Anayeanza hana hayo maneno. Anaona maandishi mekundu tu. Ukimwambia akatafute, ni kama kumwambia mgeni aliyeshuka matatu Keroka aende "kwa yule mama wa kona". Wewe unamjua huyo mama. Yeye hamjui.

Ukiwa Nairobi, una jirani, una dawati la mtu wa pili, una mikutano ya wikendi ambako unaweza kumgusa mtu bega. Ukiwa Ekerenyo au Nyansiongo, huenda wewe ndiye mtu pekee katika ukoo wenu anayejaribu kitu hiki. Hilo grupu ndilo darasa, mwalimu na deski-mate. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua kusomea mikononi mwa watu usiowahi kuonana nao. Mlango huo ukifungwa, hakuna mwingine.

Tabia ya zamani

Hii tabia haikuzaliwa Kenya. Watu wa kompyuta wa Marekani walikuwa na herufi nne walizomrushia yeyote aliyeuliza swali jepesi, RTFM, maana yake "soma mwongozo", na katikati kuna tusi. Mwaka 2001, Eric Raymond na Rick Moen waliandika mwongozo maarufu wa jinsi ya kuuliza maswali kwa werevu. Una ushauri mwingi mzuri: jaribu kwanza, eleza ulichofanya, nakili kosa lenyewe. Lakini wengi waliubeba kama rungu. Badala ya kumjibu mtu, wanamtupia huo mwongozo na kuondoka.

Stack Overflow, mahali ambapo programa wa dunia nzima wameuliza maswali tangu 2008, ilifika mwisho wa barabara hiyo. Mnamo Aprili 2018 kampuni yenyewe ilikiri hadharani kwamba watu wengi mno wanapaona pale kama mahali pa uhasama na majivuno, hasa wanaoanza, wanawake na watu wasio weupe. Ikabadilisha kanuni zake mwaka huohuo. Kisha mwishoni mwa 2022 ikaja ChatGPT, na maswali mapya pale yakapungua sana. Sababu ni nyingi, lakini moja haihitaji utafiti: mashine haikucheki.

Unaweza kusema basi shida imeisha, kila mtu aulize mashine. Polepole. Mashine ikikosea, inakosea kwa ujasiri uleule inaosemea ukweli. Mzoefu atagundua. Anayeanza atakesha akifuata amri ambayo haipo.

Wanaojua kufundisha tunao

Kinachonishangaza ni kwamba huku kwetu hatukosi mifano ya watu wanaopokea swali la kwanza vizuri. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mamilioni ya Wakenya hawakuwahi kutuma hela kwa simu. Nani aliwafundisha? Si kijitabu. Ni ajenti wa kibandani aliyeulizwa "nibonyeze wapi?" na mama mmoja asubuhi, na mwingine saa sita, na mwingine jioni, akajibu wote. Alikuwa na sababu, ndiyo: mteja akichekwa leo, kesho anaenda kwa jirani na kamisheni inaenda naye. Lakini matokeo ni kwamba shosho ambaye hakuwahi kugusa kompyuta anatuma karo kwa simu.

Nenda Tabaka, Kisii, wanakochonga vinyago vya mawe ya sabuni. Anayeanza hapewi kitabu na hafukuzwi. Anapewa msasa na maji, analainisha kazi ya wengine. Akiwa hapo anaona, anauliza, na siku moja anashika patasi. Swali lake haliharibu kazi ya mtu kwa sababu limepewa nafasi ndani ya kazi.

Hata kwenye ulimwengu wa programu wapo waliofikiria. Recurse Center ya New York ina kanuni moja ninayoipenda: ni marufuku kujifanya umeshangaa. Mtu akisema hajui kitu, huruhusiwi kusema "Ati hujui?!" Hilo tu. Kushangaa huko hakumfundishi mtu chochote. Kazi yake ni kukuonyesha wewe kuwa unajua.

Aibu ina bei

Kuna hasara nyingine inayozungumziwa kidogo. Mtu akichekwa hadharani, haachi kuhitaji jibu. Anahamia inbox. Na inbox ndiko wanakongoja wale wa "nitumie elfu mbili nikufungulie akaunti ya kazi za mtandaoni" au "nipe namba ya siri nikusaidie kurekebisha". Pale kwenye grupu, watu mia mbili wangeona ule uongo na mmoja angesema "buda, hiyo ni kamba". Kwenye inbox hakuna shahidi. Kwa hivyo grupu linalocheka maswali huwa linawapa matapeli wateja.

Sasa tufanyeje?

Wanaojibu nao ni binadamu. Hawalipwi, wana kazi zao, na swali lilelile mara ya hamsini linachosha kweli. Wapo pia waulizaji wanaotaka kutafuniwa: picha yenye ukungu, neno moja "imekataa", halafu kimya. Kwa hivyo kazi ni ya pande zote.

Ukiuliza, sema mambo matatu: ulitaka kufanya nini, ulifanya nini, na kompyuta ilisema nini. Nakili maandishi ya kosa, usipige picha ya skrini kwa mbali. Ukipata jibu, rudi useme lilifanya kazi, ili anayekuja nyuma yako alikute.

Ukiwa admini, andika majibu ya maswali kumi yanayorudi kila wiki, uyabandike juu kabisa kwenye grupu. Kwa Kiswahili chepesi. Anayeuliza tena, mwonyeshe lilipo bila mhadhara. Na swali la kwanza wape waliojifunza juzi. Wao bado wanakumbuka walipokwama, kuliko yule mkongwe aliyesahau kwamba kile kijisanduku kipo.

Ukiwa umechoka, nyamaza tu. Mwingine atajibu. Kunyamaza hakujawahi kumfukuza mtu kama kicheko.

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Tunaipenda sana hiyo methali, tunaibandika hata kwenye status. Angalia grupu lako wiki hii uhesabu: maswali mangapi ya wanaoanza yamejibiwa, na mangapi yamepewa emoji tu. Kisha chagua moja, ulijibu.