Uganda: Kompyuta yafundishwa kuusoma moyo wa mtoto

Katika shule za kaskazini mwa Uganda, maelfu ya watoto wamewahi kuitwa mmoja mmoja kutoka darasani, wakalazwa chali au kwa ubavu wa kushoto, wakapakwa jeli ya baridi kifuani, na mhudumu wa afya akapitisha juu ya mbavu zao kifaa kidogo kinachoshikika kwa mkono mmoja. Dakika chache baadaye moyo wa mtoto huonekana ukipiga kwenye kioo cha mashine. Mtoto huvaa shati lake na kurudi darasani. Picha hubaki, na pamoja nayo hubaki swali moja: ni nani atakayeisoma?

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Mashine za ultrasaundi zimekuwa ndogo na bei yake imeshuka, lakini macho yaliyofunzwa kuzisoma picha zake hayajaongezeka kwa kasi hiyo. Daktari bingwa wa moyo husomea kazi yake kwa miaka mingi, na wengi wao wako katika miji mikuu. Ndiyo maana watafiti wa Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoko Mulago jijini Kampala, pamoja na wenzao wa Marekani, wameigeukia kompyuta. Wanaifundisha kutambua dalili za ugonjwa ambao mtoto mwenyewe bado hajauhisi.

Ugonjwa unaoanzia kooni

Ugonjwa huo ni ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi. Chanzo chake ni maradhi ambayo wazazi wengi huyaona madogo: koo linalouma kwa sababu ya bakteria aina ya streptokoka. Kwa watoto wengi koo hupona na jambo likaisha. Kwa wachache, hasa wenye umri wa miaka 5 hadi 15, kinga ya mwili iliyoamshwa kupambana na bakteria hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Viungo huvimba na kuuma, homa hupanda, na valvu za moyo, yaani vilango vinavyoruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma, hupata majeraha.

Shambulio likirudiwa, majeraha huwa makovu. Valvu hukakamaa, haifunguki vizuri wala haifungi barabara. Inayoathirika zaidi ni ile inayotenganisha vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo. Damu iliyopaswa kwenda mwilini huvuja na kurudi nyuma, na moyo hulazimika kufanya kazi ya ziada kwa kila pigo. Miaka inaweza kupita bila mtu kujua lolote. Mara nyingi ugonjwa hujitokeza wakati mwili unapodaiwa zaidi, kwa mfano msichana aliyekua na kuonekana mzima anapopata ujauzito wa kwanza na pumzi ikaanza kumwishia.

Duniani kote zaidi ya watu milioni 40 wanaishi na ugonjwa huu, na walio wengi wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika nchi tajiri umekuwa adimu, kwa sababu ya makazi yasiyo na msongamano na matibabu ya mapema ya koo. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama zipambane nao.

Pale sikio lisipotosha

Kwa muda mrefu daktari aliutafuta ugonjwa huu kwa kusikiliza kifua. Valvu inayovuja hutoa mvumo, na sikio lililozoea huusikia. Lakini uvujaji mdogo hauna sauti ya kutosha. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto wa shule nchini Cambodia na Msumbiji. Miongoni mwa watoto 2170 wa Msumbiji, uchunguzi wa kusikiliza uligundua wagonjwa 5. Ultrasaundi ya moyo iligundua 66 katika watoto hao hao.

Ultrasaundi haitumii mionzi kama ile ya eksirei. Hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia, kisha huupokea mwangwi wake na kuugeuza kuwa picha. Wa kwanza kuitumia kwa moyo walikuwa daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz, mjini Lund nchini Sweden, mwaka 1953. Siku hizi mashine huonyesha pia mwendo wa damu kwa rangi: damu inayokuja upande wa kifaa hupewa rangi moja, inayokwenda mbali hupewa nyingine. Valvu ikivuja, mkondo wa rangi zilizochanganyika hurushwa nyuma mahali ambapo hapakupasa kuwa na kitu.

Sindano zilizobadili mjadala

Kugundua ugonjwa mapema kuna maana tu ikiwa kuna la kufanya. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana: je, mtoto ambaye ugonjwa wake umejificha, asiye na dalili yoyote, afaidike vipi kwa kuambiwa kuwa anaumwa?

Jibu lilitoka Uganda. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa nchi hiyo, uliopewa jina la Kiacholi Gwoko Adunu pa Lutino, maana yake kuulinda moyo wa mtoto, ulianza kwa kupima watoto na vijana 102,200. Baadaye 818 kati ya waliothibitishwa kuwa na ugonjwa uliojificha waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilidungwa penisilini ya kudumu muda mrefu mwilini kila baada ya wiki 4. Kundi la pili halikudungwa.

Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umezidi kwa watoto 3 tu wa kundi lililodungwa, yaani asilimia 0.8. Katika kundi lisilodungwa ulizidi kwa watoto 33, yaani asilimia 8.2. Kwa maneno mengine, kwa kila watoto takriban 13 waliodungwa, mmoja aliepushwa na valvu inayoendelea kuharibika. Dawa yenyewe si mpya wala si ya gharama kubwa. Kilichokuwa kikikosekana ni kumjua mtoto wa kumpa.

Hapo ndipo suala la picha linaporudi. Kuwapima watoto laki moja kunadai picha laki moja, na kila picha inadai msomaji.

Kompyuta inaangalia nini?

Kompyuta haioni moyo. Huona maelfu ya vitone, kila kimoja kikiwa na namba ya mwanga au rangi yake. Ili ijue vitone vipi ni valvu na vipi ni damu inayovuja, huonyeshwa video nyingi ambazo mabingwa wamekwisha kuzisoma na kuziandikia majibu. Hukisia, husahihishwa, hukisia tena, na kila mara hurekebisha hesabu zake za ndani hadi makosa yapungue. Hii ndiyo sehemu ya akili mnemba inayoitwa kujifunza kwa mashine.

Watafiti wa hospitali ya watoto ya Children's National ya Washington, wakishirikiana na wenzao wa Uganda, wameigawa kazi hiyo katika hatua zinazofanana na zile anazofuata daktari. Kwanza, programu hutambua video imepigwa kutoka upande gani wa moyo. Pili, huchagua picha za wakati ule moyo unapojikaza, kwa maana ndipo damu inapovuja. Tatu, huchora mpaka wa chumba cha juu cha kushoto. Nne, hutafuta ndani ya mpaka huo mkondo wa rangi unaorudi nyuma, na kuupima.

Kupima ni muhimu, kwa kuwa hata moyo mzima unaweza kuvuja kidogo. Mwongozo wa Shirikisho la Moyo Duniani wa mwaka 2012 ulisema kuwa mkondo unaorudi katika valvu hiyo ya kushoto uhesabiwe kuwa dalili ya ugonjwa ukifika sentimita 2 au zaidi na ukionekana kutoka pande mbili, pamoja na masharti mengine. Mwongozo wa 2023 ulishusha kipimo hadi sentimita 1.5 kwa watoto wenye uzito wa chini ya kilo 30. Tofauti ya nusu sentimita ndani ya moyo unaopiga zaidi ya mara 80 kwa dakika si jambo ambalo jicho lililochoka hulipima vyema mwishoni mwa siku.

Kuuongoza mkono

Kabla ya kusomwa, picha lazima ipigwe vizuri. Kifaa kikiinama kidogo tu, valvu hupotea nyuma ya ubavu. Kwa hiyo kuna programu za aina ya pili, ambazo humwongoza mhudumu: sogeza juu, geuza kulia, tulia hapo. Mwezi Februari 2020 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani iliidhinisha ya kwanza ya namna hiyo. Programu kama hizo zimejaribiwa Uganda pia, kwa wahudumu wasio na uzoefu wa ultrasaundi waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa picha nyingi walizopiga zilitosha kumwezesha bingwa kuamua kama ugonjwa upo, ingawa si kila upande wa moyo ulipatikana kwa ubora ule ule.

Mahali pengine kompyuta imekwisha kushindanishwa na binadamu hadharani. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha programu iliyofundishwa na kupimwa kwa video 10,030 za moyo, inayokadiria ni kiasi gani cha damu moyo hukisukuma kwa kila pigo. Mwaka 2023 programu ya namna hiyo ilijaribiwa katika vipimo 3,495: baadhi vilisomwa kwanza na kompyuta, vingine na fundi wa ultrasaundi, kisha bingwa wa moyo asiyejua ni nani aliyetangulia akavipitia. Bingwa alibadili kwa kiasi kikubwa asilimia 16.8 ya majibu ya kompyuta, na asilimia 27.2 ya majibu ya mafundi.

Gharama ya kukosea

Matokeo hayo yasitufanye tudhani kazi imekwisha. Programu ya Stanford ilifundishwa kwa wagonjwa wa hospitali moja huko Marekani, kwa mashine kubwa na za gharama. Moyo wa mtoto wa miaka minane mjini Gulu, uliopigwa picha kwa kifaa cha mkononi, ni somo jingine. Kompyuta hujua kile ilichofundishwa. Ikipewa kisichofanana nacho haisemi sijui, bali hutoa jibu kwa ujasiri ule ule. Ndiyo maana video za watoto wa Uganda zina thamani kubwa katika kazi hii, na ndiyo maana ni haki wazazi waelezwe zitatumikaje na zitahifadhiwa na nani.

Kuna pia hesabu ya watoto wanaotiliwa shaka bure. Katika utafiti wa kaskazini mwa Uganda, watoto 3,327 walishukiwa mwanzoni. Kipimo kamili kilipofanyika, waliothibitishwa na kufaa kuingia katika utafiti walikuwa 926. Maelfu waliobaki walirudi kwao baada ya kungoja kipimo cha pili, na mzazi anayengoja jibu la moyo wa mwanawe hahitaji kuelezwa uzito wa kungoja huko. Programu inayopunguza shaka zisizo na msingi ingeleta nafuu kubwa. Programu inayompita mgonjwa wa kweli ingemnyima sindano ambayo ingemwokoa. Kwa sababu hiyo watafiti wanaiweka kompyuta mlangoni, imchuje anayehitaji kuangaliwa zaidi, na neno la mwisho wanamwachia daktari.

Na sisi majirani

Hapa Rwanda ugonjwa huu si mgeni. Uchunguzi wa watoto wa shule zaidi ya 2,500 katika wilaya ya Gasabo, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta takriban watoto 7 wenye ugonjwa huo katika kila 1000. Wako Wanyarwanda wengi ambao wamefanyiwa upasuaji wa valvu katika hospitali ya King Faisal jijini Kigali, na wengine walilazimika kusafiri nje. Upasuaji huokoa maisha, ila aliyewekewa valvu ya chuma hutumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa maisha yake yote. Kuzuia ni bora mara nyingi zaidi.

Iwapo programu hizi zitathibitika, kituo cha afya kilicho mbali na mji kitaweza kumpima mtoto asubuhi na kumpeleka kwa bingwa yule tu anayestahili kwenda. Lakini kompyuta haidungi sindano. Baada ya picha kusomwa, mtu lazima ahakikishe penisilini ipo kituoni kila baada ya wiki 4, na mzazi amrudishe mtoto ingawa sindano inauma na ingawa mtoto anacheza mpira kama wenzake.

Kwa sasa, kinga ya kwanza haidai mashine yoyote. Mtoto anayelalamika koo, mwenye homa na anayepata shida kumeza, apelekwe kituo cha afya, na akipewa dawa azimalize hata kama amepona siku ya pili. Mtoto ambaye viungo vyake vimevimba na kuuma kwa zamu, leo goti, kesho kifundo, asiambiwe kuwa anakua tu. Apimwe moyo.